Runinga ya chogo bado inafaa

Mwandishi wa makala kuhusu kuhamia matangazo ya dijitali ameeleza vizuri kuzimwa kwa mitambo ya analojia, yaani ile ya zamani ya kurushia matangazo ya televisheni, Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, lakini amewaacha wasomaji wakidhani kwamba kila mwenye runinga ya chogo, ile ya zamani yenye mgongo mkubwa, hana budi kununua mpya. Runinga hiyo hufanya kazi bila tatizo ikiunganishwa na king'amuzi kwa zile waya za njano, nyeupe na nyekundu. Swali la kumbana nalo muuzaji wa king'amuzi, ambaye kwa kawaida husifia wingi wa chaneli tu, ni je, kifurushi kikiisha, chaneli za bure kama TBC1 na ITV zitaendelea kuonekana? Wenye leseni ya kurusha matangazo kwa minara ya ardhini wanatakiwa kuziacha wazi. Ving'amuzi vya dishi ni habari nyingine.