Mbegu ya mpapindi si ya kuwekwa

Siku hizi ukitaja mti adimu tu, mtu atakwambia mbegu zake zipelekwe benki. Zikaushwe, zifungwe, zitiwe kwenye baridi, basi. Wakehurst, Uingereza, wana benki kubwa ya namna hiyo tangu 2000, wanaweka kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri. Kwa mtama na mchicha, njia ni nzuri. Kwa mpapindi wetu wa Pemba, mimi nasema tusiitegemee.

Mpapindi ni wa jamii ya mnazi, na ndugu zake karibu wote wako Madagaska na Komoro. Wenyewe kwa asili uko Pemba peke yake, na makao yake makuu ni msitu wa Ngezi. Harold E. Moore, Mmarekani, aliuandika kitaalamu mwaka 1962. Leo umo katika orodha ya miti iliyo hatarini duniani. Na ni mti wa kupendeza hasa: vigogo vyembamba vya pingili vikichipuka shinani pamoja, mikungu ya matunda mekundu. Florida wanaupanda bustanini. Hoteli zetu zinapanda ndugu yake, ule mnjano wa Madagaska.

Mkulima wa Pemba hahitaji semina kuhusu mbegu isiyowekeka. Mbegu ya mkarafuu ukiianika, au ukiichelewesha siku chache tu baada ya kuimenya, ndiyo imekufa. Miti mingi ya misitu yenye unyevu iko hivyo hivyo: kiini hakistahimili kukauka, na friji nayo hukimaliza. Sioni sababu ya kuijaribia bahati mbegu ya mpapindi.

Afadhali kuotesha upesi. Tunda liive mpaka liwe jekundu. Liloweke, kisha lisugue kwa mchanga mpaka nyama yote itoke, maana ikibaki huleta ukungu na sisimizi. Tia mbegu kwenye maji. Zinazoelea mara nyingi ni tupu. Zilizozama zifukie kina kidogo tu, kwenye mchanga uliochanganywa na vumbi la makumbi, kivulini, pasikauke wala pasituame maji. Halafu subira: wiki kadhaa, pengine miezi. Wengi hapa hufukua kuchungulia, wakakata kizizi. Ikibidi kusafirisha, vumbi la makumbi lenye unyevu ndani ya kopo linatosha. Mfuko wa plastiki tumeshaupiga marufuku, na mzigo wenyewe hauuhitaji.

Kwa hiyo benki ya mpapindi ni kitalu. Tena vitalu viwili vitatu, Pemba na Unguja, vinavyootesha kila matunda yanapoiva, na kila mche uwe na maandishi ya mti mama. Hilo la maandishi silisemi kwa kupenda makaratasi. Jamaa za mpapindi huchavushana bustanini, kwa hiyo mbegu iliyookotwa karibu na mnjano wa hoteli inaweza kuwa chotara, na chotara haurudishwi Ngezi. Wa kwenda ng'oa miche msituni na kuiita uhifadhi, huyo hata sina la kumwambia.

Hoteli zinaweza kulipia kazi hii kwa kuagiza miche mapema, mwaka au miwili kabla ya kujenga bustani. Anayetaka ua upendeze msimu ujao ataendelea kununua wa Madagaska, na kitalu cha mpapindi kitakosa mteja.