FTP ya ofisi: kuiziba ao kuiacha?

FTP ni njia ya zamani ya kupandisha mafaili ku saiti bila kuficha kitu, SFTP inafanya kazi ileile lakini inaficha yote. Hapa Goma ukiambia ofisi ndogo "tuzibe FTP, tupite ku SFTP" wanakuangalia kama mtu anayejitafutia kazi. Saiti inatembea, ripoti zinapanda, wafadhili wanazisoma, shida iko wapi? Na hawakosei kabisa. Skana yao ya zamani haijui kitu kingine isipokuwa FTP, na kama funguo za SSH (mafaili ya siri yenye kukufungulia SFTP) ziko ku laptopu moja tu, siku ile laptopu inaibiwa Birere kazi inasimama. Hiyo ninaikubali.

Lakini siku moja nilikaa na mama sekretari wetu, nikafungua Wireshark, programu yenye kuonyesha yote inayopita ku mtandao, ku mashini yake mwenyewe, nikamwambia mama, ingia ku saiti vile unafanyaka. Akaingia. Ku ekrani ikatoka USER na jina la shirika, chini yake PASS na neno la siri lote, herufi kwa herufi, mpaka mwaka alioweka nyuma. Mama akanyamaza kidogo, akauliza: "Na ule kijana mwenye kutuuzia WiFi, naye anaionaka?" Ndiyo mama, akitaka anaiona, maana yote inapita ku ruta yake.

FTP ilizaliwa 1971, ile tunatumia iliandikwa 1985, wakati wenye kompyuta ku mtandao walikuwa wachache na wengi wanajuana. SSH yenyewe, ile SFTP inapita ndani yake, mtu anaitwa Tatu Ylönen aliitengeneza 1995 kule Finland kisha mtu kusikiliza mtandao wa chuo chake na kukusanya maneno ya siri, yaani ni kesi ileile ya mama. Chrome na Firefox, programu za kufungulia saiti, ziliitupa FTP 2021.

Watasema "sisi hatuna kitu cha kuiba". Hapo njo watu wanajidanganya sana, mwizi hana haja na ripoti yenu ya visima, anataka serva, anaweka ndani ukurasa wa benki ya uongo, anatuma barua za takataka elfu na elfu kwa jina lenu, kisha jina linaingia mu orodha nyeusi na barua yenu ya kuomba pesa inaanguka mu spam ya mfadhili na hakuna mwenye kuwaambia, mnangoja jibu tu.

Kuna wenye kupendelea FTPS, ni FTP ileile yenye kufichwa. Inaficha neno la siri vizuri, lakini itabidi ufungue mlango (port) wa 21 na milango mingine mingi ku fayawoli, ule ukuta wa kulinda mtandao, SFTP inapita ku 22 peke yake.

SFTP nayo si dawa ya yote, neno la siri jepesi litavunjwa tu, roboti zinagonga 22 usiku kucha. Na ukitaka kumfungia mtu mu folda yake, ile folda ya juu lazima iwe ya root, yaani mkubwa wa serva, na yule mtu asiweze kuandika ndani, la sivyo inamkatalia kuingia. Mimi hiyo ilinimalizia mchana mzima.

Skana hatukuitupa. Inatuma kwa FTP ku kompyuta ya ofisi tu, ndani kwa ndani, na mangaribi umeme ukirudi mama anapandisha zile karatasi ku saiti kwa SFTP. Funguo ya pili iko ku flashi, mu kabati ya mhasibu.