Poti 80 na Michango ya Harusi

Msimu wa korosho Mtwara hauna mchezo. Ikifika Oktoba mji unanukia mabibo, malori yanapanga foleni, na mkulima akishashusha magunia ghalani halali usingizi mpaka ajue kilo zake zimeandikwa ngapi. Ndiyo maana ghala ninalofanyia kazi likaniagiza nitengeneze ukurasa mdogo. Kuna skrini imetundikwa ukutani jirani na mizani: mkulima anaitazama, anaona jina lake, magunia na kilo, anaondoka roho nyeupe. Seva yenyewe ni kompyuta kuukuu inayokaa stoo juu ya kreti la soda, imefunikwa kanga kuzuia vumbi. (Najua. Inahitaji hewa. Niacheni.)

Kwenye Linux, mfumo unaoiendesha seva ile, poti ni kama madirisha ya kutolea huduma, namba 0 hadi 65535. Zilizo chini ya 1024 mtumiaji wa kawaida hazigusi, mpaka awe root, mkubwa wa mashine. Mimi niliitaka 80, kwa sababu ndiyo kivinjari huigonga chenyewe bila mtu kuandika namba yoyote. Kuiendesha programu kama root niliogopa, angalau akili hiyo nilikuwa nayo. Nikapata njia ya mkato: amri ya setcap, ambayo hulipatia faili moja ruhusa ya kukalia poti ndogo bila ya kuwa root. Tatizo, programu yangu nimeiandika kwa lugha ya Python, na faili la maandishi ukilipatia ruhusa hiyo haisaidii kitu, kwani anayekimbia kweli ni Python mwenyewe, mkalimani anayelisoma. Nikasema haya, kama ni hivyo, chukua wewe Python. Ikakubali mara moja. Nikaenda kunywa chai.

Yaani nilitaka kumpa funguo abiria mmoja, nikawapa daladala zima. Yeyote mwenye akaunti kwenye seva ile, akiendesha chochote kwa Python ile ile, naye anaweza kuikalia 80. Na akaunti nilikuwa nimempa dogo wa field.

Dogo huyu ni mpole, anatoa shikamoo mpaka kwa mlinzi. Lakini pia alikuwa mweka hazina wa kamati ya harusi ya dada yake, na nusu ya ofisi tulikuwa tumeahidi kuchangia. Orodha ya michango akaiweka kwenye seva ili wanakamati waione kwa simu zao. Programu yake ilikuwa inajaribu 80 kwanza, ikikosa inakwenda 8080. "Nilijaribu tu kaka, wala sikutegemea itakubali," aliniambia baadaye. Kwa wiki tatu ilikosa, maana yangu ilikuwa imeshakaa pale.

Jumatatu umeme ukakatika. Uliporudi, seva ikawaka, na programu yangu ikasubiri kwanza hifadhidata iamke, kama mtu mwenye adabu. Ya dogo haimsubiri mtu. Ikakuta 80 tupu, ikajikalia. Yangu kufika, ikaambiwa anwani hiyo ina mwenyewe, ikafia kimyakimya chini ya kanga.

Mlinzi akaja mbio. "Fundi, wakulima wamechachamaa."

Nikatoka. Watu kama arobaini shingo juu, na ukutani safu nne: Jina, Ahadi, Ametoa, Baki. Bibi mmoja aliyetoka Nanyamba na kapu lake la ming'oko akanishika mkono.

"Mwanangu, mimi ndiye Mama Zuhura. Mmeniahidi elfu thelathini, na baki ni elfu thelathini. Nipeni niwahi gari."

"Bibi, huyo ni Mama Zuhura mwingine."

"Mwingine yuko wapi? Mwiteni aje."

Nyuma yake mzee mmoja alikuwa anasoma kwa sauti ya mnadani: "Ahadi laki mbili, ametoa sifuri! Mwaka huu tena mnatukopa?" Kijana mwenye macho makali akamrekebisha: "Mzee, hapo pameandikwa Mwenyekiti. Yeye ndiye hajatoa." Kimya kikapita, kisha kicheko kikaanzia kwa wapagazi wa magunia kikaja mpaka mbele.

Mwenyekiti mwenyewe ndiyo kwanza anashuka kwenye bodaboda.

"Nani kaweka hii?"

"Shikamoo mzee. Kuna programu imekalia poti yetu."

"Bandari?"

"Hapana mzee, poti. Poti ya themanini."

"Mtwara bandari ni moja. Hizo themanini mmejenga lini?"

Nikakimbilia stoo. Amri ya ss ikanionyesha namba ya programu inayosikiliza kwenye 80, ya ps ikanitajia mwenyewe: jina la dogo, wazi kama mchana. Nikaiua yake, nikaiwasha yangu, kilo zikarudi ukutani. Kisha nikaivua Python ile ruhusa, nikaiandika kwenye systemd, msimamizi anayewasha huduma za mashine, kwa huduma yangu peke yake na chini ya mtumiaji wake peke yake. Mistari miwili! Dogo akabaki na 8080 yake, ambayo ni halali kwa yeyote.

Jioni Mwenyekiti akaniita ofisini, akafunga mlango. Nikaanza kuhesabu nauli ya kurudi Masasi.

"Ile orodha ilionekana mpaka Dar?"

"Hapana mzee, humu ndani tu."

Akashusha pumzi. Akamwita dogo, akatoa simu. "Nitajie namba." Laki mbili zikaenda mbele ya macho yangu. Kisha akanigeukia. "Na wewe, nilikuona mstari wa tisa. Hamsini, sifuri."

Nikatoa simu.

Jumamosi harusini, nimeshika sahani ya pilau natafuta kiti, namwona bibi wa Nanyamba safu ya mbele, amejitanda kanga mpya, mbele yake sahani mbili.

"Bibi! Umekujaje huku?"

"Si jina langu mlilisoma wote ukutani?" Akasogea kidogo. "Kaa hapa mwanangu. Na ile elfu thelathini sijaisahau."