Mwanafunzi Anayeuhofia Ulevi Wake: Mlango wa Mshauri na Mlango wa Nidhamu

Mwanafunzi wa chuo aliyeanza kuihofia pombe yake, au bangi yake, au vidonge anavyomeza ili akeshe na vitabu, bado anajiuliza, na hiyo ni hatua ambayo wengi waliokwisha kuzama katika uraibu wameipita zamani. Ameamka hakumbuki alivyofika kitandani, amekosa kipindi kilekile kwa wiki ya tatu mfululizo, fedha za matumizi zimekwisha mapema, na swali lililomo moyoni mwake hajamwambia mtu yeyote. Mijadala kuhusu wajibu wa vyuo huwahusu zaidi wale waliokamatwa wamelewa, ilhali huyu asiyekamatwa ndiye ambaye msaada mdogo ungemfaa mno. Ninaamini kwamba mlango anaopaswa kuuendea, yaani wa mshauri, ni lazima utengwe na mlango wa nidhamu, ingawa wanaoupinga utengano huo wana hoja nzito.

Hoja yao ya kwanza ni kwamba chuo kina wanafunzi wengine. Anayeishi chumba kimoja na mlevi halali usingizi, anasafisha matapishi yasiyo yake, na kuna usiku anaogopa kurudi bwenini. Mwanafunzi wa uuguzi aliyelewa anashika sindano, na wa kemia anashika tindikali. Chuo kinachojua mambo hayo kikanyamaza kwa jina la usiri kinajitwika sehemu ya lawama. Hoja ya pili ina uzito zaidi: wengi hawaji kwa hiari, kwa sababu uraibu humficha mtu hali yake mwenyewe, na kumsubiri aombe msaada huenda kukawa ni kumsubiri mtu asiyekuja kamwe. Tafiti zilizofanywa miongoni mwa wanafunzi walioamriwa kumwona mshauri baada ya kuvunja kanuni za pombe zimeonyesha kuwa mazungumzo mafupi yaliwasaidia baadhi yao kupunguza unywaji, ijapokuwa walikuja shingo upande. Hoja hiyo haipanguliwi kwa maneno mepesi, nami sidai kwamba kila shuruti ni bure.

Hata hivyo, inafaa kuuliza ni kitu gani hasa kilichowasaidia. Miongoni mwa mbinu zilizochunguzwa sana katika vyuo ni ile ya mazungumzo mafupi kuhusu unywaji iitwayo BASICS, iliyoasisiwa na Alan Marlatt na wenzake katika Chuo Kikuu cha Washington nchini Marekani, nayo haina zaidi ya vikao viwili vya takriban saa moja. Katika kikao cha kwanza mwanafunzi anaeleza anavyokunywa. Katika cha pili anaonyeshwa unywaji wake ukilinganishwa na wa wenzake. Ulinganisho huo huwashtua wengi, kwani tangu Wesley Perkins na Alan Berkowitz walipoandika kuhusu jambo hilo mwaka 1986, imebainika mara nyingi kwamba wanafunzi hudhani wenzao wanakunywa sana kuliko hali halisi ilivyo. Mshauri hahubiri wala hakemei. Anauliza, anasikiliza, na kumwacha mwanafunzi azitaje mwenyewe sababu za kubadilika. Kinachotibu, basi, ni mazungumzo ya kweli, na adhabu imefanya kazi ya kumfikisha tu mlangoni.

Ukweli wa mazungumzo hayo ni mwepesi kuvunjika. Chukua dodoso la kupima unywaji liitwalo AUDIT, ambalo Shirika la Afya Duniani lililitoa mwaka 1989: maswali 10, kila moja likiwa na alama 0 hadi 4, na mtu akifikisha alama 8 huhesabiwa kuwa unywaji wake unaweza kumletea madhara. Swali la 6 linauliza ni mara ngapi katika mwaka uliopita ulihitaji kinywaji asubuhi ili uanze siku baada ya kunywa sana. La 8 linauliza ni mara ngapi ulishindwa kukumbuka yaliyotokea usiku uliotangulia kwa sababu ya kunywa. Mkalishe kijana mbele ya swali hilo la 8, kisha umwambie kwamba nakala ya majibu yake itapelekwa kwa mlezi wa wanafunzi. Kalamu itasita kidogo juu ya karatasi, halafu ataweka alama kwenye «hata mara moja». Jumla yake itashuka chini ya 8, mshauri atamruhusu aende zake, na faili litaandikwa kwamba hana tatizo. Chuo kitakuwa kimetimiza utaratibu wake wote huku kikimpoteza mtu aliyekwisha kuketi kwenye kiti cha msaada.

Woga huohuo ni wa hatari zaidi usiku wa dharura. Rafiki amelala sakafuni, anapumua kwa kukoroma, haamki hata akitikiswa, na wenzake wanashauriana iwapo wampigie mtu simu au wamwache alale ulevi umwishe. Kiwango cha pombe katika damu kinaweza kuendelea kupanda hata baada ya mtu kuacha kunywa, na aliyezimia anaweza kupaliwa na matapishi yake. Chuo Kikuu cha Cornell kilianzisha mwaka 2002 kanuni ya kutomwadhibu aliyeomba msaada wa kitabibu wala aliyeombewa, na katika miaka iliyofuata simu za dharura zinazohusu pombe ziliongezeka. Wapinzani husema kanuni kama hiyo inawapa vijana ruhusa ya kulewa. Ningewaelewa iwapo kanuni ingeishia kwenye msamaha, lakini inapoambatanishwa na kikao cha lazima na mshauri, mwanafunzi anabaki na jambo la kujibu, ila halijibu mbele ya kamati ya nidhamu.

Suala la kuacha kabisa au kupunguza nalo lina pande zake. Chuo Kikuu cha Brown kilianza mwaka 1977 kuwasaidia wanafunzi walioamua kuacha moja kwa moja, na Chuo Kikuu cha Rutgers kilifungua mwaka 1988 makazi ya wanafunzi wa aina hiyo, mahali ambapo mtu anaweza kusoma bila kuzungukwa na chupa. Kwa aliyekwisha kuwa mraibu, makazi hayo yanaweza kuwa tofauti kati ya kuhitimu na kuacha masomo. Lakini anayeanza tu kupata wasiwasi akiambiwa kwamba sharti la kusikilizwa ni kuapa hatakunywa tena, ataona huduma hiyo ni ya watu wengine na hatarudi. Tahadhari moja haina upande wa pili: anayekunywa sana kila siku, au aliyezoea vidonge vya usingizi vya aina ya Valium, asiache ghafla peke yake, kwa maana arosto, yaani mateso ya mwili unapokosa ulichokizoea, ya vitu hivyo inaweza kuleta degedege na hata kifo. Huyo anahitaji daktari kabla ya mshauri.

Utengano ninaoutetea una mipaka, na mwanafunzi ana haki ya kuelezwa mipaka hiyo kabla hajafungua kinywa. Kama maisha yake au ya mwingine yako hatarini, mshauri atasema. Aliyempiga mwenzake akiwa amelewa atajibu kosa la kupiga, na mwenye zamu wodini akinuka pombe ataondolewa zamu. Kamati ina haki ya kujua kwamba aliyeamriwa kufika amefika. Aliyoyasema huko hayaihusu. Vyuo vingi vingeweza kuyatimiza haya bila kujenga jengo jipya, kwa kutenga faili, ofisi na mtu wa kuripoti kwake.

Swali la mwisho la AUDIT linauliza kama ndugu, rafiki, daktari au mhudumu mwingine wa afya amewahi kuwa na wasiwasi kuhusu unywaji wako. Katika maisha ya chuo mtu huyo huwa ni yule wa kitanda cha pili, naye anajua mengi kabla ya mlezi wa wanafunzi. Leo akienda kuuliza afanye nini, mara nyingi anaombwa kwanza ataje jina na namba ya chumba.