Kisia Kwanza, Kikokotoo Baadaye

Kipande cha chuma cha nusu kilo, chenye nyuzijoto 100, kinatumbukizwa kwenye kilo moja ya maji yenye nyuzijoto 25. Halijoto ya mwisho itakuwa ngapi? Mpe mwanafunzi swali hili, na hata hajamaliza kulisoma keshaanza kusaka fomula kichwani. Anapachika namba, anabonyeza kikokotoo, kinamtolea 112, anaipigia mstari chini na kuhamia swali linalofuata.

112! Yaani cha moto na cha baridi vimekutana, na vyote viwili vikatoka na moto kuliko ule uliokuwapo mwanzo. Wapi na wapi?

Msimamo wangu ni kwamba swali la fizikia lisikokotolewe kabla jibu lake halijakisiwa. Na kukisia ninakokusema kuna misingi yake. Hapa jibu halina budi kuangukia kati ya 25 na 100. Kisha maji ni mabishi kupata moto: kilo moja hula jouli 4,200 za nishati ndipo ipande nyuzi moja, wakati kilo ya chuma hutosheka na 450 hivi. Kwa nusu kilo ya chuma, basi, ni jouli 225 kwa kila nyuzi, dhidi ya 4,200 za maji. Nani atamvuta mwenzake? Jibu litakaa jirani kabisa na 25. Ukikokotoa unapata 28.8, tena unaliamini, maana ulikuwa ukilisubiri.

Maswali ya mwangwi hayahitaji hata hayo yote. Mtu anapiga kofi mbele ya jabali, mwangwi unamrudia baada ya sekunde 2, na sauti hewani husafiri mita 340 hivi kwa sekunde. Wengi watakuambia jabali liko mita 680. Chora mshale wa kwenda na mshale wa kurudi, 340 itajitokeza yenyewe.

Kwenye mwendo, mchawi ni vizio, yaani vipimo tunavyohesabia, kama mita au kilomita, sekunde au saa. Gari liko kwenye kilomita 72 kwa saa, dereva anakanyaga breki, na mwendo unapungua mita 5 kwa sekunde katika kila sekunde. Litasimama baada ya mita ngapi? Asiyegeuza 72 kuwa mita 20 kwa sekunde atapata mita 518. Breki nzima, dereva macho, halafu gari lisimame nusu kilomita mbele! Jibu ni mita 40. Wala kosa hili si la watoto peke yao: mwaka 1999 Marekani ilipoteza chombo cha anga cha Mars Climate Orbiter, kilichotumwa sayari ya Mars, kwa sababu programu moja ilitoa namba kwa vizio vya pauni, na nyingine ikazisoma kama vya Newton.

Vipimo navyo vina vituko vyake. Mtu anapima kijiti kwa rula, anapata sentimita 10.0, anakigawa mara tatu na kuandika 3.333333333. Tarakimu ile ya mwisho inazungumzia urefu mdogo kuliko atomu moja. Kwa rula ya plastiki! 3.33 inatosha.

Najua nitaambiwa mtihani una muda mfupi. Ni kweli, lakini kukisia ni suala la sekunde chache, na kuna maswali ya kuchagua ambayo kisio pekee linafuta majibu matatu kati ya manne. Ninaowalaumu zaidi ni sisi tunaosahihisha: fomula ikiwa sahihi tunatoa alama za njia, jibu la ajabu tunalipitia kimyakimya. Mimi ningempa alama ya ziada aliyepata mita 518, akakosa muda wa kurudia, akaandika pembeni: "Haiwezekani, kuna mahali nimekosea." Na anayeiacha 518 bila neno, hata kama hatua zake nyingine zote zimenyooka, ningemkata.