Kuti la mtende wa nta: kosa la muumini wa Kolombia ni kubwa kiasi gani?

Kila inapokaribia Jumapili ya Matawi, polisi wa mazingira husimamisha magari kwenye barabara za milima ya Andes nchini Kolombia wakisaka makuti. Shabaha yao ni palma de cera, mtende wa nta, mti wa taifa uliopigwa marufuku kukatwa na Sheria Na. 61 ya mwaka 1985. Waumini wameyabeba makuti hayo kwa vizazi, na siku hizi wanaokutwa nayo huitwa wakaidi. Neno hilo limetolewa kwa wepesi mno.

Hoja ya sheria ina uzito wake. Mtende huu hufika hata mita 60, lakini kabla shina halijainuka hukaa miongo ya miaka ukiwa fungu la majani ardhini. Mkataji huuwahi katika umri huo, kwa kuwa kilele kinafikika kwa panga bila kupanda. Nao hauna kilele cha akiba: panga likigusa moyo, mti umekufa, likiishia kwenye makuti, hudhoofika na kusubiri panga la mwaka ujao. Tena kuna kasuku mwenye masikio ya njano, anayetaga ndani ya mashina makavu ya mitende hiyo. Mwaka 1999 kundi lililogunduliwa Roncesvalles, Tolima, lilikuwa na ndege 81. Wahifadhi na Kanisa wakaungana kuhimiza matawi mbadala, na leo ndege hao wamevuka elfu.

Lakini kwa nini kuti hili hasa? Likiwa bado halijafunguka halijaonja jua, hivyo ni jeupe lenye umanjano, refu na laini. Husukwa msalaba bila kukatika. Na kazi yake haiishi kanisani. Likishabarikiwa huwekwa nyuma ya mlango, na radi zikianza kupiga, kipande huchomwa ili moshi uilinde nyumba. Mabaki hurudishwa yawe majivu ya Jumatano ya Majivu. Kwa hiyo muumini anatafuta kitu kitakachokauka vizuri, kikae karibu mwaka mzima bila kuota ukungu, kisha kishike moto.

Sasa pima mbadala anaopewa. Leso ya kupunga haichomwi. Mche ndani ya kiroba ni zawadi nzuri, ila siku ya radi hauna msaada. Ukiwa ni mche wa mtende wa nta wenyewe, mambo ni mabaya zaidi: makazi yake ni misitu ya ukungu, kwenye mwinuko wa takriban mita 2,000 hadi 3,000. Upeleke bondeni kwenye joto, hautafika mbali. Upande juu kwenye malisho ya wazi, jua litauchoma na ng'ombe watamalizia. Bonde la Cocora, linalopigwa picha na kila mtalii, limejaa mitende mirefu iliyosimama kwenye nyasi bila mitende michanga chini yake. Kilichoifikisha hapo ni ufyekaji wa msitu na ufugaji. Muumini ana haki ya kunung'unika: yeye hunyang'anywa kuti barabarani, ng'ombe hanyang'anywi malisho.

Ibada yenyewe haidai mtende. Kihispania nacho huiita siku hiyo Domingo de Ramos, Jumapili ya matawi. Ni Yohana anayetaja mitende, Mathayo anasema matawi ya miti tu. Anachokosa muumini ni tawi linalofanya kazi ileile, na lipo: iraca, mmea wa kusukia kofia katika miji ya Sandoná na Aguadas, Kolombia. Huota kwa vichaka na kuendelea kuchipua baada ya kuvunwa. Kuti hukatwa kabla halijafunguka, kingo ngumu huondolewa, huchanwa chane nyembamba, huchemshwa, kisha huanikwa hadi likauke kabisa. Anayeanza Jumamosi jioni amechelewa. Chane zikifungwa mafungu zingali na unyevu, huota madoa meusi.