Mita 214 za Mlima Kenya: nani amefika kileleni?

Keki ilikuwa ya vanila, ya kilo mbili, na juu yake mwokaji alikuwa ameandika kwa krimu ya buluu: HONGERA, MLIMA KENYA 5,199 M. Dada yetu wa mapokezi alikuwa amerudi Jumapili usiku kutoka Naro Moru, midomo imepasuka kwa baridi, ngozi ya pua inabanduka, na ofisi nzima hapa Westlands ilisimamisha kazi saa nne ili tumpigie makofi. Mhasibu wetu alingoja mpaka kisu kikaingia kwenye keki. Kisha akasema, bila kuinua sauti, "Hiyo namba si yake. Yeye amefika 4,985."

Unaweza kukisia yaliyofuata. Akaambiwa ana choyo. Akaambiwa anatia kitumbua cha mwenzake mchanga. Mmoja akamuuliza yeye mwenyewe amewahi kupanda nini zaidi ya ngazi za ofisi siku ambayo stima imepotea. Swali la haki, na jibu lake lilikuwa Ngong, mara mbili. Lakini nimekaa na maneno yake wiki nzima, na kila nikiyapima naona mtu huyu alizomewa kabla ya kusikilizwa.

Mlima Kenya hauna ncha moja. Kuna Batian, mita 5,199; kuna Nelion, mita 5,188; kuna Lenana, mita 4,985. Zote zimepewa majina ya malaiboni, viongozi wa kiroho wa Kimaasai. Mbili za kwanza ni mwamba mtupu, na hufiki huko bila kamba, kofia ngumu na mtu anayeijua kazi hiyo. Ya tatu hufikiwa kwa miguu, ingawa karibu na juu utajivuta kidogo kwa vyuma vilivyopigiliwa kwenye jiwe. Karibu kila picha ya bendera inayoingia kwenye simu zetu kutoka mlimani imepigwa Lenana. Na kibao cha pale juu hakimdanganyi mtu: kinataja Lenana na kinataja 4985. Namba hubadilika njiani, mahali fulani kati ya Naro Moru na Nairobi.

Tofauti ni mita 214. Jengo la KICC lina mita 105; yapange mawili, moja juu ya jingine, na bado hujaimaliza. Tena si mita za kutembea. Batian ilifikiwa mara ya kwanza mwaka 1899, na Halford Mackinder pamoja na waongozaji wawili kutoka milima ya Alps, César Ollier na Joseph Brocherel. Mara ya pili ilikuwa mwaka 1929, Eric Shipton na Wyn Harris. Karibu miaka thelathini ilipita kati ya safari hizo mbili. Mwaka 1970 daktari mmoja Mwaustria alivunjika mguu karibu na Batian, na ilichukua takriban wiki moja kumteremsha. Mlima wenyewe, kwa kuwa umekaa karibu na ikweta, hubadilisha majira kwa upande: uso wa kusini ukiwa mkavu mwezi wa Januari, wa kaskazini umeshika barafu, na ifikapo Julai mambo yamegeuka. Mkwezi hupanga hata mwezi wa kwenda kwa kuangalia ni upande gani wa jiwe anaoutaka. Anayekwenda Lenana hupanga kwa kuangalia likizo na mvua.

Nimeandika mkwezi makusudi, kwa sababu nadhani Kiswahili kilishakata kesi hii zamani. Tuna kupanda na tuna kukwea. Ngazi hupandwa, gari hupandwa, kilima hupandwa. Mnazi hukwewa, kwa mikono, kwa miguu, kwa kifua kilichogusana na shina, na anayefanya hivyo tumempa jina lake kabisa. Lenana hupandwa. Batian hukwewa. Basi dada yetu akisema "nimepanda Mlima Kenya", amesema kweli tupu na hakuna mhasibu wa kumgusa. Akisema "nimefika kilele cha Mlima Kenya", hapo kuna mita 214 ambazo hazikulipiwa.

Upande wa pili una hoja, na si hoja ya kupuuzwa. Ya kwanza ni ya jasho. Kijana wa Nairobi anayelala kwenye baridi siku tatu, akaamshwa saa nane usiku kichwa kinamgonga kwa uchache wa hewa, akatembea gizani kwa tochi ya kichwani mpaka jua likamkuta Lenana, amefanya jambo ambalo wengi wetu hatutalifanya. Ukimwambia hajafika, unaweza kumfanya asirudi tena, na mlima wetu umekaa miaka mingi kama mali ya wageni wenye vifaa. Ya pili ni ya usalama. Ukiikuza sana Batian, kuna atakayejaribu kuifuata akiwa amevaa raba. Hoja hii inanitisha kidogo, nakiri.

Ya tatu ndiyo nzito. Usiku wa kuamkia tarehe 12 Desemba 1963, Kisoi Munyao alipandisha bendera ya Kenya mlimani. Alipandisha wapi? Lenana. Taifa zima lilizaliwa likiwa mita 214 chini ya kilele, na sijamsikia Mkenya akidai bendera haikufika Mlima Kenya. Jirani zetu walikuwa na bahati: mwaka 1961 Alexander Nyirenda aliupeleka mwenge wa Tanganyika mpaka juu kabisa ya Kibo, kwa sababu kilele cha Kilimanjaro, pamoja na mita zake 5,895, kinatembeka. Kilele kirefu kuliko vyote barani hufikiwa kwa buti na subira. Kinachofuata kinadai kamba. Ni kichekesho cha jiografia, na ndicho kinachotuletea ugomvi wa keki.

Lakini tukae hapo hapo Kilimanjaro, maana hapo ndipo mhasibu anaposhinda kwa maoni yangu. Wapo wanaofika ukingo wa kreta, Gilman's Point, nguvu zikaisha. Hapo wamebakiza takriban mita 210 kufika Uhuru, kilele chenyewe. Sasa linganisha: 210 kule, 214 huku, pengo karibu lile lile. Watanzania wamefanyaje? Hawakumfukuza mtu wa Gilman's mikono mitupu, wala hawakumpa cheti cha Uhuru. Cheti chake kinataja mahali alipofika. Mtu anakitundika sebuleni, na mgeni akiuliza anasimuliwa jinsi alivyotapika mara nne na kurudi salama. Hakuna anayeona amedharauliwa. Hesabu ilifanywa pale pale mlimani, kabla ya mtu kuteremka na kupewa keki.

Sisi hatukuifanya, ndiyo maana inafanywa na mhasibu saa nne asubuhi, na ndiyo maana inasikika kama choyo.

Kuna mahali ambapo kulegea huku kunaharibu zaidi ya keki. Maelezo chini ya picha ya dada yetu yalisema, "Nimesimama mahali pa pili kwa urefu Afrika." Hapana. Baada ya Batian kuna Nelion. Kuna Mawenzi, ncha ya pili ya Kilimanjaro, mita 5,149, nayo ni ya kamba. Kuna Margherita kule Rwenzori, mita 5,109, pamoja na majirani zake waliovuka 5,000. Lenana haijaivuka 5,000. Imepungukiwa na kumi na tano. Mtoto wake anayesoma darasa la sita ataibeba sentensi ile mpaka kwenye mtihani. Ni kosa la familia moja na wale wanaopiga picha Rasi ya Tumaini Jema wakidhani wamesimama kwenye ncha ya kusini ya Afrika, ilhali ncha yenyewe ni Agulhas, mbele zaidi kuelekea mashariki. Huko nako kibao ni cha kweli: kinasema kusini-magharibi. Watu husoma nusu ya kwanza. (Aliyefika Ziwa Assal, Djibouti, mahali pa chini kuliko pote Afrika, mita 155 chini ya usawa wa bahari, ndiye pekee asiye na wa kumbishia. Shimoni hufikiwa kwa gari.)

Kijana wetu wa kompyuta alijaribu kuiokoa sherehe kwa njia nyingine. Akauliza, urefu kutoka wapi? Mbona tunapima kutoka baharini, na Nairobi haina bahari? Nilidhani anatania, kisha nikafanya hesabu nyumbani na sikulala mapema. Dunia si duara kamili. Imefura tumboni, kwenye ikweta. Ukipima kutoka kiini chake, mlima ulio karibu na ikweta unaanza na mtaji mkubwa kuliko ulio mbali. Kwa kipimo hicho Chimborazo ya Ekuado inaizidi Everest. Inajulikana. Lakini Batian nayo inaizidi Everest, kwa takriban kilomita moja. Na Lenana, hii hii ya miguu na likizo ya siku nne, inaizidi kwa zaidi ya mita 700. Asubuhi ile pale Lenana, dada yetu wa mapokezi alikuwa mbali zaidi na kiini cha dunia kuliko mtu yeyote aliyewahi kusimama juu ya Everest.

Hapo ndipo roho inaponiuma. Sifa ya kweli ilikuwapo, kubwa kuliko ile tuliyoitia chumvi, na ilikuwa yake halali, ya namba 4,985. Tukaiacha tukamwazimia ya Batian.

Nilimweleza mhasibu. Alifikiri kidogo akasema, "Basi wangeandika hivyo kwenye keki," na akarudi kwenye risiti zake. Watu wa namna hii huonekana wakavu, lakini ni watu wa namna hii waliotufanya tujue kinachotokea pale mlimani. Chini ya Lenana, kati yake na Nelion, kuna mto wa barafu uitwao Lewis. Tunajua kwamba kati ya mwaka 1934 na 2010 ulipoteza karibu asilimia 90 ya ujazo wake kwa sababu kuna watu waliopanda na vipimo, mwaka baada ya mwaka, wakakataa kuandika "bado ni mkubwa" ulipokuwa umepungua. Ukizoea kuruhusu mita 214 zipite kwa sababu ni sherehe, siku ya kuambiwa barafu imebaki mabaka tu utasema hizo ni namba za watu wenye choyo.

Wazee wa chini ya mlima, waliosali wakiuelekea Kirinyaga, kama wanavyouita, kwa sababu ndipo Ngai, Mungu wao, anapokaa, pengine wangetushangaa sote wawili, wa keki na wa namba. Kwao mlima ulikuwa wa kutazamwa. Sina jibu la kuwapa.

Jioni dada yetu alikuja mezani kwangu na simu. Picha yenyewe ni nzuri: bendera, jua la saa kumi na mbili na nusu, tabasamu lililoganda. Nikamwuliza lile jiwe jeusi nyuma ya bega lake ni nini. Akalikuza kwa vidole viwili, akaliangalia. Lilikuwa Nelion, na Batian imejificha nyuma yake. Alikuwa ameitumia picha ile kwa watu wengi bila kuliona. Akafuta maelezo ya chini, akaandika "Lenana, 4,985", kisha akaniuliza ile habari ya Everest inaandikwaje kwa kifupi.

Keki hatukuweza kuirekebisha. Ilikuwa imeshaliwa.